Gewissen au Bewusstsein: Historia ya Neno Moja la Hamlet katika Kijerumani

Makala haya yanachunguza swali moja la tafsiri ya fasihi: mfasiri afanyeje neno moja la lugha chanzi linapobeba maana mbili ambazo lugha lengwa imekwisha kuzitenga? Mfano wetu ni neno la Kiingereza conscience katika Hamlet ya Shakespeare. Tunadai kwamba katika hali kama hiyo mfasiri hana budi kuwa mhakiki, na kwamba uamuzi wake huweza kuelekeza usomaji wa vizazi vinavyofuata.

Katika enzi ya Shakespeare, neno hilo lilimaanisha dhamiri, yaani hukumu ya ndani juu ya wema na ubaya. Aidha, lilimaanisha utambuzi, yaani hali ya mtu kujijua na kuyatafakari mambo. Kiingereza kilizitenga maana hizi baadaye, neno consciousness lilipokita mizizi, hasa katika falsafa ya John Locke (1690). Kijerumani nacho kilikuwa na Gewissen tangu zamani, neno lililojengwa kwa kuiga muundo wa conscientia ya Kilatini. Martin Luther akalitia uzito mkubwa wa kidini. Bewusstsein, neno la utambuzi, lilisimikwa katika falsafa na Christian Wolff katika karne ya 18. Kwa hiyo, August Wilhelm Schlegel alipochapisha tafsiri yake ya Hamlet mwaka 1798, alikuwa na maneno mawili pale ambapo Shakespeare alikuwa na moja.

Ugumu unajitokeza katika semi-nafsi mashuhuri ya tendo la tatu. Hamlet anatamka kuwa conscience hutufanya sote waoga. Kinachotangulia kauli hiyo ni hofu ya yasiyojulikana baada ya kifo. Kinachoifuata ni fikra zinazodhoofisha azma. Muktadha huu unaelekea kwenye utambuzi, wala si kwenye majuto ya mkosaji. Hata hivyo, Schlegel alichagua Gewissen.

Je, alikosea? La hasha. Mwishoni mwa tendo la pili, Hamlet anapanga kuinasa conscience ya mfalme kwa mchezo wa kuigiza, na hapo maana ni dhamiri bila shaka. Schlegel alitumia Gewissen katika sehemu zote mbili, akahifadhi mwangwi unaomfunga mwana na muuaji wa baba yake. Bewusstsein lingeufafanua mstari mmoja na kuukata uzi unaopita katika tamthilia nzima.

Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama. Msomaji wa Kijerumani alielekezwa amwone Hamlet kama mtu anayezuiwa na dhamiri. Katika barua aliyomwandikia Wilhelm Fliess mwezi Oktoba 1897, Sigmund Freud aliijadili kauli hiyo hiyo akitumia neno Gewissen, akaieleza dhamiri ya Hamlet kuwa ni hisia ya hatia asiyoitambua mwenyewe. Freud alikijua Kiingereza vyema, hivyo haifai kudai kwamba nadharia yake ilizaliwa na tafsiri. Hata hivyo, hoja yake inasimama juu ya maana ambayo Gewissen huitaja waziwazi, ilhali neno la Kiingereza huiacha pamoja na nyingine.

Historia hii inatuhusu sisi pia. Kiswahili kina dhamiri na utambuzi, na kwa hivyo kinamkabili mfasiri na mgawanyiko ule ule. Isitoshe, dhamiri ina undugu na dhamira, yaani nia au kusudi. Kusema kwamba dhamiri ndiyo inayomtia Hamlet woga kungeweza kuibua mgongano wa kuvutia, kwani tatizo lake hasa ni kuwa na dhamira asiyoitekeleza. Wahakiki wanaosoma fasihi ya dunia kupitia tafsiri wanapaswa, basi, kujiuliza kila mara: je, sauti tunayoihakiki ni ya mtunzi, au ni ya uamuzi wa mfasiri wake?