Vicheko vya Askari wa Keya: Historia Ambayo Vitabu Viliiacha



Kila wahitimu wa shule yetu wakutanapo, baada ya hotuba na pilau, huzuka kikundi kimoja pembeni kinachocheka kuliko vikundi vingine vyote. Ukisogea utakuta ni wale waliopata kuvaa sare ya jeshi. Mmoja anasimulia, wengine wanashika mbavu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wanachokicheka ni njaa, matope, homa, na safari ambazo wenzao wengine hawakurudi. Makala haya yanakusudia kueleza kicheko hicho kilitoka wapi, kinaficha nini, na kwa nini hatuna budi kukiandika kabla hakijanyamaza.

Tuanze na jina. Wazee wetu waliliita jeshi hilo Keya, kutokana na herufi tatu za jina lake la Kiingereza, King's African Rifles. Liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Kiingereza vilivyokuwa Uganda, Kenya na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika nayo ilikuwa na kikosi chake, cha sita. Ndani ya Keya walichanganywa Wayao, Wanyamwezi, Wakamba, Waacholi, Wanubi na wengine wengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lakini kilikuwa Kiswahili cha aina yake, Kiswahili cha gwaride, kilichowatia uchungu walimu wetu wa lugha: "watu yote", "bunduki yake hii mbaya", "wewe hapana sikia". Hata neno "afande" tulilolizoea leo lilifika kwa njia hiyo ya jeshi, likitoka katika neno la Kituruki "efendi" lililotumika Misri na Sudani.

Maofisa wa Kiingereza walitakiwa kujifunza Kiswahili, na hapo ndipo visa vingi vilipozaliwa. Wazee walipenda kusimulia habari za ofisa kijana aliyechanganya "jana" na "kesho". Alisimama mbele ya askari akatangaza kwa sauti kuu: "Jana saa kumi na mbili asubuhi, watu yote gwaride!" Sajini akapiga saluti, akajibu bila kutikisika: "Ndiyo, afande. Tumekwisha kuifanya." Siwezi kuthibitisha kwamba kisa hiki kilitokea kweli, wala si lazima. Kinatuonyesha silaha aliyokuwa nayo askari asiyeruhusiwa kubisha: alitii amri kama ilivyotamkwa, neno kwa neno.

Kisa cha viatu nacho ni cha namna hiyo. Kwa miaka mingi askari wa Keya alipiga gwaride na kwenda vitani pekupeku au kwa makubazi. Viatu vya buti vilikuja kuenea katika Vita Kuu ya Pili. Husimuliwa kwamba askari mmoja alionekana akitembea juu ya changarawe huku buti zake zimening'inia shingoni. Alipoulizwa sababu alisema, "Buti ni za Serikali, miguu ni yangu. Mguu ukiumia utapona bure, buti ikiharibika nitakatwa mshahara." Wasikilizaji hucheka, lakini askari huyo alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake sawasawa.

Tukirudi nyuma kidogo, vita vya 1914 hadi 1918 viliwakuta Waafrika wa nchi yetu pande zote mbili. Kuna waliopigana chini ya Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, na kuna waliopigana au kubeba mizigo chini ya Waingereza. Wapagazi hao wa jeshi la Kiingereza waliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kila anayenunua nyanya katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, analitaja jeshi la wapagazi bila kujua. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na uchovu, si kwa risasi. Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Sanamu ya Askari tuionayo katikati ya Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927.

Askari wa Mjerumani wana kisa chao mashuhuri. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai bado. Inasimuliwa kwamba ofisi ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na hati za zamani. Wengine walileta vipande vya sare, na wengine hawakuwa na kitu. Mlipaji akatafuta njia: kila mzee alipofika mbele alipewa ufagio, kisha akapewa amri za bunduki kwa Kijerumani. Hata mmoja hakukosea. Wako wanahistoria wanaokitilia shaka kisa hiki kwa jinsi kilivyokamilika mno, nami nakileta kama kinavyosimuliwa. Wazee wetu walipokisimulia walicheka ule ufagio. Wachache waliongeza swali hili: kwa nini malipo ya vita vilivyokwisha mwaka 1918 yalingoja hadi 1964, wakati wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha zikwa?

Vita Kuu ya Pili viliwapeleka vijana wetu mbali zaidi. Tanganyika peke yake ilitoa watu zaidi ya 80,000. Kwanza ilikuwa Somalia na Abisinia, dhidi ya Wataliani. Mogadishu ilianguka Februari 1941, Addis Ababa Aprili 1941. Huko Colito, kusini mwa Abisinia, kikosi kutoka Tanganyika kilipigana vikali tarehe 19 Mei 1941, na jina la mahali hapo likaja kupewa kambi ya jeshi nje ya Dar es Salaam. Mwaka 1942 wengine walipelekwa Bukini, yaani Madagaska, kupigana na Wafaransa waliokuwa upande wa Serikali ya Vichy. Kisha ikaja Bama.

Bama ndiyo iliyoacha visa vingi kuliko zote. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, ilifanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Katikati ya mwaka 1944 ikaingia katika bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Bama, wakati wa masika ya huko. Barabara zilikuwa uji mtupu. Malori yalizama, na sehemu kubwa ya chakula iliteremshwa kwa ndege. Wazee walisema, "Bama siku nyingine ilinyesha maji, siku nyingine ilinyesha mchele. Maji hayakukosea shabaha hata siku moja. Mchele mara nyingine uliwaangukia Wajapani." Kila siku walimezeshwa vidonge vya manjano vya kuzuia malaria, ambavyo huibadili ngozi rangi. Basi wakataniana kwamba vita vikiendelea mwaka mmoja zaidi, Wajapani watashindwa kumtambua adui. Walisimulia pia kwamba baadhi ya wanakijiji walikuwa wameambiwa Waafrika hula watu, na kwamba askari wengine, badala ya kukasirika, walitumia sifa hiyo ili kupata nafasi ya kutosha wakati wa kuoga mtoni.

Kwa mwendo huo wa matope walifika Kalewa na kuiteka tarehe 2 Desemba 1944. Hapo ndipo lilipojengwa daraja la kuelea juu ya mto Chindwin, lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati huo. Jeshi la 14 lililovuka hapo liliendelea hadi kuikomboa Bama. Vitabu vingi vya Waingereza vilieleza sana habari za daraja, na kidogo sana habari za waliolifungulia njia.

Sasa, vijana, naomba mtazame jambo moja. Iko safari ambayo sijapata kusikia mzee yeyote akiitolea kichekesho. Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora, ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili au tatu. Walikufa watu karibu 1,300. Askari wazee waliotujaza vicheko vya mchele na buti walipofika kwenye meli hiyo walibadili mazungumzo. Anayetaka kuelewa masimulizi ya askari na apime kicheko, kisha apime na kimya. Kicheko kinaeleza yale ambayo binadamu aliweza kuyabeba. Kimya kinaeleza yale yaliyomshinda.

Liko na jambo la tatu, ambalo halikuwa kicheko wala kimya, ila nung'uniko. Vita vilipokwisha mwaka 1945, bahshishi ya kuagwa jeshini haikuwa sawa. Hesabu zilizokuja kujadiliwa hadharani mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari mzungu wa cheo cha chini aliyeishi katika makoloni ya Afrika alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Risasi ya Mjapani haikuuliza mshahara wa mtu. Waliorudi na maswali ya namna hiyo hawakunyamaza wote. Huko Kenya, Waruhiu Itote, aliyekuwa Bama, alikuja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, na Bildad Kaggia naye alirudi kutoka vitani akaingia katika harakati za vyama vya wafanyakazi na siasa.

Lakini si kila hadithi ya askari ni ya kumezwa nzima. Idi Amin alijigamba kwamba alipigana Bama, ilhali kumbukumbu zinaonyesha alijiunga na Keya mwaka 1946, wakati vita vimekwisha. Hivyo mwenye kukusanya masimulizi amwulize mzee kwa heshima: Ulikuwa kikosi gani? Mlipanda meli bandari gani? Sajini wenu alitoka wapi? Aliyekuwapo hujibu haraka, na mara nyingi hukuongezea usiloliuliza.

Baada ya Uhuru wa 1961, kikosi cha Keya cha Tanganyika kiliitwa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wake waliasi, na jeshi hilo likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 ilizaliwa JWTZ. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo, kwa kukumbuka mahali ambapo Mkwawa na Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Katika badiliko hilo la jina unaona taifa likiamua ni vita vya nani liviite vyake.

Jeshi hilo jipya nalo likapata visa vyake. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na Amin akapendekeza ugomvi huo umalizwe kwa ndondi kati yake na Mwalimu Nyerere. Mwalimu hakuvaa glavu. JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala Aprili 1979. Mizinga yetu ya roketi Waganda waliiita "Saba Saba", nao waliogopa hata kuitamka. Askari wetu walishindwa kujizuia kucheka, maana kwao Sabasaba ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa TANU, yenye ngoma na gwaride la shule. Hapo tena, nyuma ya kicheko, pana makaburi ya mashujaa wetu Kaboya, mkoani Kagera.

Wazee wa Bama wamekwisha tuacha karibu wote, na visa vyao vingi wamekwenda navyo. Lakini kijana aliyekwenda Kagera akiwa na miaka 20, sasa yumo katika miaka ya sitini na kitu. Yumo katika mitaa yenu. Pengine ni babu yako, au ndiye mlinzi wa lango la shule. Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Natoa rai kwa wanafunzi wa somo la historia: kila mmoja wenu, katika likizo ijayo, amfuate mzee mmoja. Apige hodi, aamkie, aketi chini, asiwe na haraka. Aandike jina la kikosi, miaka na mahali. Kichekesho akiandike kama kilivyosemwa, na Kiswahili chake cha gwaride kisisahihishwe. Mzee akinyamaza ghafla, aandike kwamba hapa mzee alinyamaza, wala asimlazimishe. Madaftari hayo yakusanywe katika maktaba ya shule, na sisi wahitimu tuchange gharama za kuyachapisha.

Walikwenda mbali, wakala mchele ulioanguka kutoka mawinguni, wakarudi wakitucheka sisi tusiojua lolote. Kazi iliyobaki ni ya kalamu, na kalamu mnazo ninyi.