Ngoma ya Pepo katika Pwani ya Mrima

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Miaka mitatu baadaye kikapigwa chapa mjini Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jina lililotangulia juu ya jalada ni la mwalimu wa Kidachi, Carl Velten; lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyo ndani ni ya Mtoro. Humo, baina ya habari za arusi, za biashara na za mazishi, zimo habari za pepo: majina yao, maradhi wanayodhaniwa kuleta, na ngoma wanazopigiwa. Ni bahati njema kwamba habari hizi ziliandikwa na mtu aliyekulia ndani ya desturi. Wageni wengi waliopita pwani ile walisikia kelele na kuona vumbi, wakaandika kelele na vumbi. Mtoro hakuwa mtetezi wa pepo. Alikuwa mwanachuoni, mwalimu wa Kurani. Lakini aliandika kwa uadilifu wa shahidi, na ushahidi wake watosha kuonyesha ya kuwa ngoma ya pepo haikuwa fujo. Ilikuwa kazi yenye kanuni, na shabaha yake ilikuwa undani wa mtu.

Asili ya kazi hiyo yatoka katika namna watu wa Mrima walivyoitazama nchi yao. Upepo wa kisulisuli unaozunguka uwanjani na kuinua majani makavu ulihesabiwa kuwa ni mpito wa kinyamkera. Mbuyu mkubwa ulio peke yake, pango, mwamba wa ufukoni na kina cha bahari vilikuwa na wenyewe wasioonekana. Kaskazini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita nane hivi, yako mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji katika mawe ya chokaa kwa muda usiohesabika. Watu wameyafanya mahali pa mzimu, wakipeleka nadhiri na kuomba haja zao. Aingiaye humo na kurunzi huona mawe. Aingiaye na haja ya mtoto, au na huzuni isiyo jina, husikia mengine. Nafsi ya mtu nayo ilifikiriwa kuwa kama pango: yaweza kuingiwa na mgeni, na mgeni huyo haondoki kwa kufukuzwa, bali kwa kuulizwa.

Hapo ndipo ngoma ilipohitajiwa. Mwele aliyelala siku nyingi, asiyekula, asiyesema, au asemaye maneno yasiyo na mpango, alipelekwa kwa mganga baada ya dawa nyingine kushindwa. Mganga alimfukiza kwa mvuke wa majani na moshi wa ubani, akamfunika nguo, akamketisha kilingeni. Kisha wapigaji wakaanza. Shida yao ya kwanza ilikuwa kwamba hawakujua wampigie nani, kwa maana kila pepo ana mdundo wake, wimbo wake, harufu yake na nguo yake. Rohani ataka udi na maji ya marashi. Dungumaro ana ngoma yake mwenyewe, hata jina la pepo na jina la ngoma ni moja. Basi wapigaji walijaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Walipiga mdundo huu, wakamtazama mwele. Akikaa kama gogo, waligeuza. Upatu ukalia, makofi yakaitika, usiku ukaenda. Hata ulipofika mdundo unaomhusu, bega likatikisika, au kichwa kikaanza kuzunguka polepole, na watu wote wakajua ya kuwa mlango umepatikana. Hapo mdundo haukuachwa tena; ulitiwa nguvu mpaka mgeni apande kichwani, aseme na kutaja jina lake.

Msomaji na asimame kidogo hapa. Katika ngoma ya arusi mchezaji humfuata mpigaji. Katika ngoma ya pepo mpigaji ndiye amfuataye mwele; humsikiliza kwa mikono. Kipaji cha mpigaji wa kilingeni hakikupimwa kwa wingi wa mbinu zake, bali kwa wepesi wa kuona dalili ndogo katika mwili wa mtu aliyefunikwa nguo.

Wengi wamedhani ya kuwa siri yote ilikuwa katika majani. Ni kweli kwamba pwani haikukosa mimea inayogeuza akili. Richard Burton, aliyezuru Tanga na Pangani mwanzo wa mwaka 1857, aliandika habari za bangi na za mnanaha, mmea ambao majani yake yalivutwa kwa ajili ya pumu. Mnanaha ukizidi kidogo tu huleta njozi na wazimu, na ukizidi tena huua. Si mmea wa kuchezewa. Lakini ngoma ya pepo haikuegemea huko. Mvuke na ubani vilisaidia kuitenga saa ile na saa nyingine. Kazi kubwa ilifanywa na mdundo usiokatika, kukesha, pumzi, na macho ya jamaa waliokizunguka kilinge wakingoja.

Pumzi ilijulikana pia upande wa pili wa mji. Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya 19, tarika ya Kadiria ilienea kutoka Unguja kwa bidii ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Bagamoyo ilimpata Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka bara akiwa mtumwa, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika mpaka kufa kwake mwaka 1931. Watu wa zikri husimama safu au duara, wakitaja jina la Mungu kwa sauti itokayo kifuani, mwili ukiinama na kuinuka pamoja na pumzi. Wenyewe hawangekubali hata kidogo kufananishwa na kilinge, nao wana haki: yule amwita Muumba, huyu amwita kiumbe. Ila njia ya mwilini ni jirani, na pepo wa rohani, aliye Mwislamu katika itikadi ya pwani, alipenda kusomewa na kuvutiwa udi kama mgeni wa maulidi.

Kilichokuwa hatarini katika kilinge si itikadi peke yake. Robert Gray, aliyechunguza pepo wa Wasegeju karibu na Tanga na kutoa habari zao mwaka 1969, aliona kwamba walioingiwa zaidi walikuwa wanawake walioolewa, na kwamba pepo walidai zawadi ambazo ilimlazimu mume kuzilipa. Wataalamu wakalifanya jambo hili hoja: ati pepo ni hila ya mnyonge. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni fupi. Mwanamke ambaye mwaka mzima hakuulizwa neno, usiku ule alikaa katikati, na watu wazima walitafuta mpaka alfajiri ni mdundo gani umhusuo. Kanga na pete vyaweza kuwa sehemu ndogo ya alichopewa.

Aibu zake hazifichiki. Gharama za kilinge ziliwatia wengi katika deni. Waganga waongo hawakukosekana. Na homa ya malaria iliyopanda kichwani haikuponywa na upatu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa na, baada yake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy walizishambulia desturi za namna hii kwa kalamu kali, wala hawakuwa watu wa kusema ovyo. Kwa upande mwingine, Hans Koritschoner, aliyekaa Tanganyika miaka mingi na baadaye kuitwa Hans Cory, alichapisha mwaka 1936 makala iliyoiita ngoma ya shetani kuwa ni tiba ya maradhi ya nafsi.

Neno lake lilipata jirani asiyetazamiwa. Mwaka 1943 Albert Hofmann wa Basel aligundua nguvu ya LSD katika kugeuza fahamu, na katika miaka ya 1960 waganga wa Marekani wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili. Huko Maryland, Helen Bonny alipewa kazi ya kuwachagulia wagonjwa muziki, na makala yake na Walter Pahnke, iliyotoka mwaka 1972, ikaeleza jinsi nyimbo zinavyomwongoza mtu katika safari ya ndani. Dawa ilipobanwa na sheria, Bonny aliendelea na muziki mtupu, akaona ya kuwa watu bado husafiri. Lakini muziki wake ulitoka katika sahani za santuri, na santuri haimwoni mgonjwa. Ilibidi mtu aketi kando, atazame, na kuchagua.

Mtoro aliandika majina ya pepo na maneno ya watu. Mdundo haukuandikika kwa herufi. Ulibaki mikononi mwa wapigaji na katika kumbukumbu ya wateja, yaani wale waliokwisha kupungwa. Hao hawakuachwa waende zao. Kilinge kipya kilipofunguliwa, hata kijiji cha mbali, mteja alijitanda kanga yake, akaenda kuketi miongoni mwa waitikiaji, akampigia makofi mwele asiyemjua.