Uzi: Shirikisho la Afrika Mashariki, na swali ambalo Kitale na Bungoma zinalijua toka zamani

Bei ya mahindi ikishuka Kitale, mjadala wa shirikisho unarudi kwa simu zetu. Mmoja anaandika, "Fungeni mpaka, mahindi ya Uganda yanatumaliza." Mwingine anajibu, "Sisi ni ndugu, mpaka aliuweka mzungu." Wa tatu anataka nchi moja, rais mmoja, mambo yaishe. Halafu matusi yanaanza.

Wacha twende polepole. Sheria ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ni historia, na maoni yangu pale ninapoona lazima niseme. Mimi hupanda matatu kati ya Bungoma na Kitale karibu kila wiki, kwa hiyo mifano mingi itatoka huku.

Tuanze na huo mpaka. Ni kweli aliuweka mzungu, tena akausogeza. Mpaka 1902 Bungoma na Kitale hazikuwa Kenya. Zilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, mkoa ulioenea hadi Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Aprili 1902 Waingereza wakauhamisha wote kuja huku. Hakuna mtu wa Mlima Elgon aliyeulizwa. Wabukusu wakabaki huku, ndugu zao Wagisu kule. Wasabaot huku, Wasebei kule. Ukivuka leo pale Lwakhakha au Suam, lugha haibadiliki ghafla. Kinachobadilika ni sare ya askari na noti mfukoni.

Kwa hiyo yule wa "sisi ni ndugu" hasemi uongo. Lakini undugu haujibu swali la nani anatawala, na wa kwanza kulisukuma wazo la kuunganisha nchi hizi hawakuwa ndugu zetu. Walikuwa walowezi. Miaka ya 1920 viongozi wao walikutana Tukuyu 1925, Livingstone 1926, Nairobi 1927, wakipanga muungano mkubwa ambao wao wangekuwa na sauti kubwa. Ndiyo maana Uganda neno "shirikisho" lilinuka vibaya kwa miaka mingi. Mwaka 1953 hotuba moja tu ya waziri wa makoloni kule London, iliyogusia shirikisho la Afrika Mashariki, ilichangia mgogoro uliomalizika kwa Kabaka wa Buganda kupelekwa uhamishoni. Mganda wa kawaida alisikia shirikisho akaelewa: tutatawaliwa na mashamba ya Kenya. Na mashamba yenyewe ni kama haya ya Trans Nzoia.

Sasa njoo 1962, hapa nataka tukae kidogo.

Kenya inajiandaa kwa uhuru, na katiba inayojadiliwa ni ya majimbo. Tume ya kuchora mipaka ya majimbo inazunguka nchi. Moja ya mafundo magumu ni Kitale. Trans Nzoia ilikuwa ardhi ya walowezi, reli imefika tangu 1926, na sasa wenyewe wanafungasha. Wabukusu, wengi wao wakiwa wamefanya kazi kwenye mashamba yale na wakisema ardhi ilikuwa yao kabla ya mlowezi, wanataka Kitale iingie Jimbo la Magharibi. Viongozi wa Wakalenjin wanataka ibaki Bonde la Ufa. Tume ikaiweka Bonde la Ufa. Bungoma, wakati huo ikiwa ndani ya wilaya ya Elgon Nyanza, ikaenda Magharibi.

Maana yake nini? Miji miwili unayoimaliza kwa matatu asubuhi moja, mmoja ukaelekezwa Kakamega na mwingine Nakuru. Na watu hawakuwa wanagombania rangi kwenye ramani. Jimbo lingekuwa na bunge lake na usemi juu ya ardhi na polisi. Mbukusu wa Kitale alikuwa anapiga hesabu: bunge hilo likikaa Nakuru, sisi tutakuwa wangapi ndani? Na Msabaot wa upande wa Bungoma alikuwa anapiga hesabu hiyohiyo kuhusu Kakamega. Ukitaka kuelewa shirikisho lolote duniani, elewa hesabu hiyo kwanza. Bendera na wimbo vinakuja baadaye.

Sasa angalia tarehe. Juni 1, 1963, Kenya inapata madaraka ya ndani chini ya katiba hiyo ya majimbo. Siku nne baadaye, Juni 5, viongozi wa Tanganyika, Uganda na Kenya wanatoa tamko Nairobi: shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki litaundwa kabla mwaka haujaisha. Yaani nchi ambayo haijatulia Kitale iwe chini ya nani, inaahidi kuingia nyumba moja na Kampala na Dar es Salaam ndani ya miezi saba.

Mwaka ukaisha, shirikisho hakuna. Uganda ilikuwa na maswali ambayo wengine waliyaona ya kuchelewesha tu, lakini ukiyasoma leo ni maswali ya mtu mwenye akili timamu. Kiti cha Umoja wa Mataifa kitakuwa kimoja au vitatu? Nani atakopa nje? Uraia utatolewa na nani? Bunge la juu litakuwa na nguvu gani? Na Buganda, ambayo katiba ya Uganda ya 1962 iliipa hadhi ya shirikisho ndani ya Uganda, itakuwa wapi ndani ya shirikisho kubwa zaidi? Ni swali la Kitale lilelile, ila limevaa kanzu.

Na majimbo ya ndani yakaenda nayo. Kufikia Desemba 12, 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, yalikuwa yamevunjwa. Mwisho wa 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge la chini. Kwa miaka mitatu na nusu tukapoteza shirikisho la nje na la ndani, na kura ya maoni haikupigwa kwa lolote kati ya hayo mawili.

(Kuna atakayesema, mbona Tanganyika na Zanzibar waliweza? Waliweza. Hati ilisainiwa Aprili 22, 1964, na Muungano ukaanza Aprili 26. Siku nne. Mambo ya Muungano yalianza 11, leo ni 22, na neno "kero za Muungano" halijawahi kutoka midomoni mwa watu kule. Haraka ina bei yake.)

Tuje kwa Jumuiya ya kwanza. Mkataba ulisainiwa Kampala Juni 6, 1967, ukaanza kazi Desemba 1, makao makuu Arusha. Reli, bandari, posta na simu, ndege, vyote vya pamoja. Mzee aliyefanya kazi stesheni ya Bungoma alikuwa mfanyakazi wa shirika la nchi tatu, na treni ya Kampala ilipita mbele yake kama kitu cha kawaida. Kwa mtu wa huku, hiyo Jumuiya haikuwa maneno.

Lakini pale juu kabisa paliketi watu watatu: marais. Walipaswa kukubaliana wote. Januari 1971 jeshi likapindua serikali Uganda, rais wa Tanzania akakataa kukaa meza moja na mtawala mpya, na kikao cha watatu hao hakikufanyika tena. Bunge la Jumuiya lilikuwepo, wajumbe tisa kila nchi, lakini hakuna mwananchi aliyempigia kura hata mmoja wao kwa kazi hiyo, na halikuwa na meno ya kuwalazimisha wakubwa kukutana. Watu watatu wakinuniana, reli ya mamilioni ya watu inakosa mwenyewe.

Februari 1976 mambo yakawa mabaya zaidi, na sisi wa huku tuliguswa moja kwa moja. Mtawala wa kijeshi wa Uganda alitoa ile karatasi ya 1902 na kusema magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, kihistoria ni Uganda. Yaani Bungoma na Kitale zote. Kenya ikawaka, watu wakaandamana, wafanyakazi wa bandari Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda. Mwaka uliofuata shirika la ndege likafa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya 1977 Jumuiya ikaisha. Kugawana mali kulichukua miaka saba ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, hadi mkataba wa Mei 14, 1984. Wastaafu wa mashirika yale walikimbizana na mafao yao mahakamani kwa miaka mingi baadaye.

Mtandaoni huwa tunasema Jumuiya iliuawa na chuki ya viongozi wawili. Mkataba mpya, uliosainiwa Novemba 30, 1999, una maelezo mapana zaidi kwenye utangulizi wake: utashi dhaifu wa kisiasa, faida kutogawanywa sawasawa, na wananchi pamoja na sekta binafsi kutoshirikishwa vya kutosha. Hilo la mwisho ndilo naomba mlishike, kwa sababu waliliandika wenyewe.

Je, mkataba mpya ulilitibu? Kidogo.

Bunge la Afrika Mashariki, EALA, lina wajumbe tisa kutoka kila nchi. Ibara ya 50 inasema wachaguliwe na bunge la nchi yao, na wasiwe wabunge wa bunge hilo. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa bila bunge kupiga kura. Vyama vilileta orodha, kamati ikapitisha. Wakenya kadhaa wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 27, 2006, mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe. Machi 2007 ikaamua kuwa njia ile haikuwa uchaguzi kamwe. Kenya ikalazimika kurudi bungeni na kupiga kura.

Ni ushindi mzuri wa demokrasia, mmoja wa bora tulionao katika Jumuiya hii. Lakini soma kilichofuata. Ndani ya Desemba 2006, kabla hata hukumu ya mwisho haijatoka, wakuu wa nchi walikuwa wamebadilisha mkataba: mahakama ikagawanywa ngazi mbili, na sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji zikaongezwa. Mahakama inakukwaza Novemba, unaifanyia ukarabati Desemba. Mimi siwezi kuuita huo usadifu.

Kuna pia hesabu ya viti. Kongo ina watu wanaokaribia au kupita milioni 100, Rwanda milioni 14 hivi, na kila moja ina tisa. Kuna wanaosema hiyo si demokrasia. Wengine wanasema bila hivyo wadogo watamezwa. Wote wana hoja, na sisi tunaijua kutoka nyumbani, maana Seneti yetu inampa seneta mmoja wa kuchaguliwa mtu wa Lamu na mmoja mtu wa Nairobi. Ulaya walichukua njia ya katikati: Ujerumani viti 96, Malta 6, na tangu 1979 raia wanapiga kura wenyewe. Hapo kwenye kura ndipo tofauti yetu kubwa ilipo. Mtu wa Bungoma amempigia kura diwani, mbunge, mwakilishi wa wanawake, seneta, gavana na rais. Wa EALA hajawahi kuona jina lake kwenye karatasi.

Rudini sasa kwa mahindi. Tangu Umoja wa Forodha uanze Januari 2005, mahindi ya kutoka nje ya Jumuiya yanatozwa ushuru wa asilimia 50, na ya ndani ya Jumuiya hayatozwi. Kwa hiyo mkulima wa Kitale analindwa na kanuni za Jumuiya dhidi ya meli ya mbali, na kanuni hizohizo zinamfungulia mlango lori la Uganda. Mama anayenunua gorogoro sokoni Bungoma analipenda lori hilo. Machi 2021 Nairobi ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Mkulima hakuulizwa ilipofungwa, mnunuzi hakuulizwa ilipofunguliwa, na wote wawili hawana mtu wa kumnyima kura kwa lolote kati ya hayo.

Ndiyo maana sijiungi na wale wa "tuungane kesho", wala na wale wa "tutauzwa". Mei 2017 wakuu wa nchi walikubali kuanza na konfederesheni, muungano mlegevu ambapo kila nchi inabaki na mamlaka yake, na wataalamu wa katiba wakaanza kuzunguka kukusanya maoni. Swali la kuwauliza si jina la rais wa kwanza wala makao makuu yatakuwa wapi. Maamuzi ya wakuu wa nchi hadi leo ni ya kukubaliana wote, kama 1967. Mmoja akinuna tena, ni chombo gani, kilichochaguliwa na nani, kitakachoendesha kazi?

Na kwa walio na haraka ya kitu cha karibu: wajumbe wa sasa wa EALA waliapishwa Desemba 2022 kwa miaka mitano. Wetu tisa wanaofuata watachaguliwa na bunge litakalopatikana kwenye uchaguzi wa Agosti 2027. Mgombea ubunge akija Kimilili au Kiminini kuomba kura, ana kura mfukoni kwa ajili ya Arusha ambayo hajawahi kuulizwa ataipigaje.