Maporomoko ya theluji: formasyo ya juu inafundisha nini, na inaishia wapi

Jumamosi tarehe 20 mwezi wa nne 2013, wanaume sita walianza safari pamoja kwenye bonde la Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, jimbo la Colorado huko Marekani. Walikuwa na mbao zao za kutelezea juu ya theluji. Walikuwa na aparei za kutafutana mtu akifunikwa. Walisoma tangazo la hatari la siku ile, wakajua upande gani wa mlima ni mbaya, wakakubaliana kupita chini yake haraka, kila mtu akiachana na mwenzake. Tena, mkusanyiko uliowaleta pale ulikuwa wa kuhimiza usalama milimani.

Walipokuwa wanapita, walisikia theluji ikishuka kwa kishindo chini ya miguu. Kiisha mlima wote ukakatika juu yao. Watano walikufa. Wa sita alibanwa saa kadhaa, uso ukiwa nje, mpaka waokoaji walipofika. Colorado ilikuwa haijaona maporomoko ya theluji yenye kuua watu wengi hivyo tangu 1962.

Hawakuwa watu wasiojua, na ndiyo sababu walimu wa milimani wanarudia habari yao. Watu wanalipa pesa, wanasoma siku tatu ine, wanapewa cheti. Cheti kinawasaidia wapi, na kinaishia wapi?

Kwanza, ni watu gani hao. Kwenye vituo vya ski, njia zimewekwa alama, na asubuhi wafanyakazi wanalipua milipuko ili theluji mbaya ianguke kabla ya wateja kufika. Wengine wanataka theluji isiyokanyagwa. Hao wanapanda kwa miguu yao, nje ya alama, mahali ambapo hakuna aliyelipua kitu. Huko kila kundi ndilo polisi, ndilo daktari, ndilo mwokozi wake.

Theluji inaanguka namna gani? Ile inayoua sana si ile laini inayomwagika kama unga. Ni bamba. Theluji ya siku mbalimbali inalala tabaka juu ya tabaka, na katikati inaweza kubaki tabaka dhaifu, punje zisizoshikana. Wenyewe wanaiita theluji ya sukari. Chukua mlango wa mbao, ulaze juu ya maharagwe makavu, kiisha inua upande mmoja kidogo. Mtu mmoja akikanyaga pabaya, tabaka la chini linavunjika, ufa unakimbia, na bamba lote linashuka. Anayekanyaga anaweza kuwa bado chini, kwenye sehemu tambarare, na mlima ukakatikia juu. Ndivyo ilivyokuwa Sheep Creek.

Mteremko unaohatarisha zaidi ni wa digrii 30 mpaka 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida haikatiki. Juu sana inamwagika kidogo kidogo bila kujikusanya. Bahati mbaya, ni mteremko huo huo unaopendeza kwa ski. Na takriban mara tisa kwa kumi, maporomoko yanayoua mtu wa michezo yameanzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake. Mlima hauwavamii, wanauamsha.

Amerika ya Kaskazini masomo yana ngazi. Kanada, shirika la Avalanche Canada lina ngazi ya kwanza ya siku mbili na ya pili ya siku ine hivi. Wazungumzaji wa Kifaransa wana Avalanche Québec. Ufaransa kuna ANENA ya Grenoble, iliyoundwa 1971, mwaka mmoja baada ya theluji kuua watu 39 ndani ya nyumba ya mapumziko pale Val d'Isère. Ngazi ya kwanza inafundisha kusoma tangazo la hatari, lenye daraja tano, na kuchagua njia kulingana nalo. Ngazi ya juu inauliza swali gumu zaidi: tangazo likikosa kusema kitu juu ya bonde lenu, mtafanya nini?

Hapo wanachimba. Wanakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuelekea mlimani, wanaweka koleo juu ya upande mmoja, wanapiga kwa mkono: mara 10 kutoka kiwiko cha mkono, mara 10 kutoka kisukusuku, mara 10 kutoka bega. Wanaangalia ufa unatokea pigo la ngapi, na kama unakimbia mpaka upande wa pili. Ukikimbia, bamba lina nguvu ya kusafiri. Jaribio hilo linaweza kumwambia mtu arudi. Halitoshi kumwambia aende, kwa sababu mita 20 pembeni theluji inaweza kuwa nyingine. Mwalimu mzuri anarudia maneno hayo mpaka wanafunzi wachoke.

Kuna kazi ya redio pia. Aparei ya kutafutana, Wafaransa wanaiita DVA, inarusha mlio kwenye kilohezi 457, chini kidogo ya mawimbi ya kati ya redio za zamani. Wote wanatembea zikirusha. Mmoja akifunikwa, walio nje wote wanageuza zao zipokee. Mmoja tu akisahau, wenzake watakimbilia mlio wake yeye, mtu aliyesimama, na aliye chini anaendelea kukosa hewa. Telefone nayo inavuruga: wanaambiwa iwe mbali na aparei sentimita 20 wakati wa kutembea, 50 wakati wa kutafuta. Mlio unasikika kwenye mita 40 au 50 hivi. Ukisogea karibu, unachoma kwa fimbo ndefu ya chuma mpaka iguse mtu, unaiacha palepale, unaanza kuchimba kutoka upande wa chini.

Haraka hiyo yote ni juu ya dakika. Aliyefunikwa akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, watu tisa kwa kumi wanapona. Kwenye nusu saa, waliobaki hai ni kama mmoja kwa watatu. Helikopta haifiki kwa dakika 10. Na theluji ikisimama inakauka kama simenti, kwa hiyo kuchimba kunakula muda kuliko kutafuta. Ngazi ya juu inafanyisha zoezi la watu wawili au watatu waliofunikwa pamoja, milio ikichanganyika, mwalimu akishika saa.

Ila Sheep Creek haikuharibika kwenye kuchimba. Kundi zima lilikuwa chini ya mlima kwa wakati mmoja, hakuna aliyebaki salama wa kuwatafuta wengine. Nafasi waliyoachana haikutosha kwa bamba pana namna ile. Mtafiti Ian McCammon alichambua ajali 715 za Marekani, akaonyesha namna hata waliofundishwa wanavyoteleza: mahali wanapopazoea, mwenye uzoefu anapoongoza na hakuna anayemuuliza, alama za wengine waliokwisha kupita, haya ya kuwa wa kwanza kusema «turudi». Uswisi, vifo vingi vinatokea siku za daraja la tatu, si la tano. Daraja la tano linawafungia watu nyumbani. La tatu linawaacha wakibishana.

Aliyeona Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mwezi wa tano 2023, anajua mlima ukishuka ni nini. Lile lilikuwa tope na mawe ya mvua, watu walikuwa nyumbani na sokoni, hawakwenda kutafuta hatari. Zaidi ya 400 walikufa. Hesabu ya mteremko inafanana, lawama hazifanani. Hata barafu ya Rwenzori, Margherita ikiwa mita 5,109, si mahali pa ski. Formasyo hizi zinamhusu zaidi ndugu aliyehamia Calgary au Denver, ambaye wenzake wa kazi wanamwalika mlimani mwezi wa pili.

Huko, kitu cha kwanza atakachoona kinafanyika kwenye parking. Mmoja anatangulia hatua kadhaa, anageuza aparei yake ipokee, wengine wanapita mbele yake mmoja mmoja. Ya mtu ikikosa kulia, na betri nyingine haipo, huyo anabaki kwenye gari.