Salaita na ngome za njia ya Voi–Taveta

Barabara ya Voi hadi Taveta, mwendo wa takriban kilomita 110, inaandamana na reli ya kijeshi ambayo Waingereza walianza kuijenga mwaka 1915. Anayeipita kwa baiskeli, maadamu yu macho na tembo wa Tsavo, hukutana na mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia hatua kwa hatua: kuta za mawe Maktau, uwanja wa mapigano Mbuyuni, kisha kilima cha Salaita na makaburi ya kijeshi ya Taveta.

Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Juni 1915 reli ilifika Maktau. Hapo ndipo Luteni Wilbur Dartnell, aliyejeruhiwa mguu Septemba mwaka huo, alipokataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake. Aliuawa, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, na kaburi lake liko Voi.

Salaita ni kilima kidogo, lakini ndicho kilichowaaibisha Waingereza. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la watu takriban 6,000, wakiwemo Waafrika Kusini weupe waliokuwa wageni kabisa wa vita hivi, lilikishambulia. Mizinga ilitwanga kileleni. Kileleni hapakuwa na kitu: mahandaki yalichimbwa chini, yakafichwa na vichaka, na humo askari wa Kiafrika na maofisa wao wa Kijerumani walingoja na bombomu zao. Waafrika Kusini zaidi ya 130 walikufa, walijeruhiwa au walipotea. Waliosalia wakarudi nyuma ovyo. Waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, ambao Waafrika Kusini hao hao walikuwa wakiwaita makuli. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliwarudishia bombomu walizozitupa, pamoja na barua fupi ya adabu: wasiitwe tena makuli. Hata jina Salaita, wenyeji husema, limetokana na neno la Kiingereza la machinjo.

Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts, wa upande wa Waingereza, alikizunguka kilima. Wajerumani wakakihama bila kupigana. Vita vikahamia vilima vya Latema na Reata, na baadaye ng'ambo ya mpaka.

Makaburi ya Taveta yanatunzwa: mawe yamepangwa mistari, majina yanasomeka. Mahandaki ya Salaita yameachiwa miiba na mvua, na hilo ni aibu kwa njia ambayo ingeweza kuwapa vijana wa Taveta kazi ya kuongoza wageni.

Lakini aibu kubwa zaidi ni ya kuwasahau wapagazi, waliobeba risasi na unga wa majeshi hayo na kufa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Kikosi chao kimeacha jina katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba haikuwaenzi Waafrika sawa na wenzao. Sanamu za kuwakumbuka zipo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Hazina jina hata moja la mpagazi.