Maumivu ya mguu yanayokoma ukipumzika si uchovu tu

MKAZI wa Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, akitaka kufika Sumbawanga hana budi kupanda. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, mji uko zaidi ya mita 1,700. Kwa mtu mwenye mishipa ya damu iliyoziba, mlima ndio hutoa siri: kigimbi hubana na kuuma, akisimama dakika chache maumivu hukoma, akiendelea hurudi.

Wengi husingizia uzee. Hasha, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa ateri za miguuni. Mafuta hujikusanya kwenye kuta za ateri, njia ya damu hupungua na misuli hukosa oksijeni. Sigara na kisukari ndivyo vichochezi vikuu, pamoja na shinikizo la damu na lehemu.

Hatari zaidi iko kwa mgonjwa wa kisukari. Neva zake zikiwa zimekufa ganzi, hasikii maumivu hayo, na dalili ya kwanza huweza kuwa kidonda kisichopona au kidole kilichogeuka cheusi. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika kwa miaka mingi kuhusu wagonjwa wa namna hii wanaochelewa kufika hospitalini, hata ikabidi kukata mguu.

Uchunguzi hauhitaji mitambo mikubwa. Daktari hulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9, ateri zimeziba. Hata katika zahanati, mganga anaweza kupapasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Asipoyapata, ampe mgonjwa rufaa.

Tiba huanza kwa kuacha tumbaku. Daktari huweza kuongeza aspirini na dawa za kushusha lehemu. Ajabu ni kwamba kutembea kunakouma ndiko kunakotibu: mgonjwa asiye na kidonda hutembea hadi maumivu, hupumzika, huendelea, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Miguu ikaguliwe kila siku, wala isiotwe motoni wakati wa baridi ya Ufipa, kwani yenye ganzi huungua bila kujua.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, misuli huweza kuanza kufa ndani ya takriban saa sita. Safari ya hospitali ianze saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.