Ujirani bila mita: namna espasi topolojiki ilizaliwa



Niko na deni la zamani na matematiki, na leo nataka kulilipa hapa. Tulikuwa kwenye mwaka wa pili wa lisansi. Asistani aliingia, akafuta tablo, akaandika: espasi topolojiki ni seti X pamoja na mkusanyiko wa seti ndogo zenye zinaitwa seti wazi. Kisha akaweka masharti tatu. Moja, X yenyewe na seti tupu ni wazi. Mbili, ukiunganisha seti wazi, hata ziwe nyingi bila mwisho, unapata seti wazi. Tatu, mkutano wa seti wazi ni wazi, lakini paka kama hesabu yao iko na mwisho.

Tulikopia. Hakuna mwenye aliuliza juu ya nini tatu, na juu ya nini sharti la pili linakubali "bila mwisho" na la tatu linakataa. Kwenye mtihani nilipata 6 juu ya 20. Sesheni ya pili nikakariri kama shairi, nikapata 12. Nilipita, lakini sikuelewa kitu. Nilifikiri mambo hayo yalianguka kutoka mbinguni, na kwamba kichwa changu njo kilikuwa kidogo.

Miaka kadhaa kisha, nilipoanza kufundisha sekondari, nikatafuta historia yake. Kumbe ile tablo moja ilichukua karibu miaka 180 kuandikwa.

Tuanze Königsberg, mji wa zamani wa Prussia wenye leo unaitwa Kaliningrad, huko Urusi. Mto Pregel uligawanya mji kuwa sehemu nne za ardhi, na sehemu hizo ziliunganishwa na madaraja 7. Swali lilikuwa hili: mtu anaweza kutembea apite kila daraja mara moja tu, bila kurudilia hata moja? Leonhard Euler, mtu wa Uswisi mwenye alifanya kazi Saint Petersburg, aliandika jibu katika miaka ya 1735 na 1736: haiwezekani.

Angalia namna alifikiri. Kila mara unapoingia sehemu fulani kwa daraja moja, unatoka kwa daraja lingine. Kwa hiyo, sehemu yenye haiko mwanzo wala mwisho wa safari inapaswa kuwa na madaraja yenye kugawanyika kwa mbili. Lakini pale Königsberg sehemu moja ilikuwa na madaraja 5, na zile tatu zingine zilikuwa na 3 kila moja. Zote nne ni witiri, na safari iko na mwanzo mmoja na mwisho mmoja tu. Basi, imekataa.

Euler hakupima hata mita moja. Urefu wa daraja, upana wa mto, vile vyote havikuwa na kazi. Kilichobaki ni swali moja: nini imeungana na nini? Mwaka wa 1847, Mjerumani Johann Benedict Listing alitoa kitabu kidogo chenye kilikuwa na neno Topologie ndani ya kichwa chake. Jina likabaki.

Lakini kulikuwa swali lingine gumu zaidi. Katika karne ya 19 wanamatematiki walitaka kusema wazi maana ya "kukaribia". Wakati tunasema namba fulani zinakaribia 0, tunasema umbali wao na 0 unapungua, unapita chini ya kiasi chochote utakachotaja. Hiyo tunaisoma wote. Kwa namba iko rahisi, juu namba ziko kwenye mstari na unaweza kupima. Lakini kama vitu vyako si namba? Kama kila "nukta" ni mstari uliopinda, ao fonksio nzima?

Mwaka wa 1906, Mfaransa Maurice Fréchet aliandika tezi yake Paris. Alisema: sihitaji kujua vitu vyenyewe ni nini. Nipe tu umbali kati ya viwili, na umbali huo ufuate sheria chache. Umbali ni sifuri paka kama ni kitu kile kile. Kutoka kwangu kufika kwako ni sawa na kutoka kwako kufika kwangu. Na kupitia kwa mtu wa tatu hakuwezi kuwa kufupi kuliko kwenda moja kwa moja. Ni yote.

Kisha, mwaka wa 1914, Felix Hausdorff alienda mbali zaidi. Aliondoa hata umbali.

Inawezekana namna gani kusema "karibu" bila kupima? Sisi tunafanya vile kila siku. Muulize mtu wa Goma anakaa wapi, hatakupa mita. Atasema: "Nakaa Katindo, nyuma ya kanisa, pale wanauzishaka makala." Katindo ni ujirani mkubwa. Nyuma ya kanisa ni ujirani mdogo ndani ya ule mkubwa. Pale pa makala ni mdogo zaidi. Unafika bila mtu kukutajia namba hata moja. Sasa chora ile ramani juu ya baluni na uipulize. Mita zote zinabadilika, lakini kila jirani anabaki jirani.

Hausdorff aliweka sheria nne za ujirani. Kwanza, kila nukta iko na ujirani, na yenyewe iko ndani yake. Pili, ukiwa na ujirani mbili za nukta moja, kuna ujirani wa nukta hiyo wenye unaingia ndani ya zote mbili. Tatu, kama wewe uko ndani ya ujirani wangu, basi na wewe uko na ujirani wako wenye unaenea humo ndani. Nne, nukta mbili tofauti zinaweza kutenganishwa: kila moja inapata ujirani wake, na ujirani hizo mbili hazigusane. Sheria hiyo ya nne inazuia mfuatano mmoja kukaribia vikomo viwili tofauti. Baadaye wengine waliiondoa ili wazo liwe pana zaidi. Leo, espasi zenye kuifuata zinaitwa za Hausdorff, na kwenye silabusi zetu za Kifaransa zinaitwa séparé.

Sasa turudi kwenye tablo yangu. Seti wazi ni nini? Fikiria parsele, lakini usihesabu ukuta wake. Popote utasimama ndani, hata karibu sana na ukuta, bado uko na nafasi kidogo kila upande. Ile nafasi kidogo ni ujirani wako. Lakini ukihesabu ukuta pia, mtu mwenye amesimama juu ya ukuta hana nafasi upande wa nje. Akisogea kidogo tu, ametoka.

Unganisha parsele zisizo na ukuta, hata bila mwisho. Kila mtu alikuwa na nafasi ndani ya yake, basi bado anayo. Sharti la pili limeeleweka. Kutanisha parsele mbili, simama pale zinapopandana: uko na nafasi mbili, chukua ile yenye kuingia ndani ya zote mbili. Lakini ukikutanisha bila mwisho? Chukua namba kati ya −1 na 1, kisha kati ya −1/2 na 1/2, kisha kati ya −1/3 na 1/3, uendelee vile vile. Nini inabaki ndani ya zote? Paka 0, peke yake, bila nafasi ya kupumua kila upande. Njo maana sharti la tatu linasema "hesabu yenye mwisho". Na seti tupu? Hakuna mtu ndani wa kulalamika kwamba amekosa nafasi.

Ndiyo ile tu. Nilipata 6 juu ya 20 kwa jambo lenye mtoto wa jirani anaweza kuelewa akiwa amesimama kwenye parsele.

Nimebakiza kumwongelea mtu mwenyewe. Hausdorff alizaliwa mwaka wa 1868 Breslau, mji wenye leo ni Wrocław, Poland. Alikuwa Myahudi. Alipenda falsafa na mashairi, akaandika vitabu na hata mchezo wa kuigiza kwa jina lingine, Paul Mongré. Kile kitabu cha 1914 alikitoa alipokuwa profesa Greifswald. Mwaka wa 1921 alirudi kufundisha Bonn.

Wanazi walichukua utawala mwaka wa 1933. Hausdorff alistaafu 1935, na kazi zake za mwisho zilichapishwa Poland, si kwao tena. Mwaka wa 1939 alijaribu kupata njia ya kwenda Marekani, lakini haikuwezekana. Wenzake wachache sana, kama Erich Bessel-Hagen, waliendelea kufika kwake. Januari 1942 aliambiwa kwamba yeye na watu wake watapelekwa Endenich, kule Wayahudi wa Bonn walikuwa wanakusanywa. Usiku wa tarehe 26 Januari, yeye, bibi yake Charlotte na Edith, ndugu ya Charlotte, walijitoa uhai. Alikuwa na miaka 73. Makaratasi yake, maelfu ya kurasa, yalikuwa yamewekwa kwa rafiki yake Hans Bonnet, mtaalamu wa mambo ya Misri ya kale. Bonnet aliyatunza, na njo maana leo tunaweza kuyasoma.

Nilipomaliza kusoma ile habari, nilikaa kimya. Mtu mwenye alitupatia maana ya ujirani aliishi miaka yake ya mwisho katika mji ambamo majirani wengi hawakumjua tena. Kila siku wanafunzi wetu wanaandika jina lake kwenye daftari bila kujua alikuwa mtu gani.

Kwa hiyo, wewe mwenye uko unafundisha, usianze na masharti tatu kwenye tablo. Anza na parsele. Toa dakika tano uwaambie habari za Euler, Fréchet na Hausdorff. Na wewe mdogo wangu mwenye ulipata 6 juu ya 20, kichwa chako hakiko kidogo. Walikupa mwisho wa hadithi bila mwanzo wake.